Nilimwambia Mtoto ni Mzima

Mwezi uliopita nilikwenda Sindeni kwenye msiba wa mwanamke ambaye katika maisha yangu yote nilikutana naye mara tatu tu. Niliketi mkekani pamoja na wanawake wa ukoo, nikapewa chai na kipande cha muhogo wa kuchemsha, na wanaume walipoinua jeneza kwenda makaburini nikajifunika khanga usoni kama wenzangu. Binti mmoja, mjukuu wa marehemu, alipita akikusanya vikombe, akaniinamia. "Shikamoo bibi. Samahani, wewe ni nani kwa bibi yetu? Tunaandika majina ya waliotoka mbali." Nikamwambia tulifahamiana hospitali, Korogwe, zamani, mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya Ujamaa. Akadhani tulilazwa wodi moja. "Kumbe mliugua pamoja," akasema, akaandika. Sikumsahihisha. Nilirudi Korogwe na basi la mchana, na njia nzima yale maneno yake yakawa yananikera, kwa sababu katika sisi wawili sikuwa mimi niliyeugua, wala yeye. Aliyeugua alikuwa mtoto wake wa kwanza, Saumu, na huyo mjukuu sidhani kama amewahi kulisikia jina hilo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na minane, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafsiri. Daktari wa hospitali yetu ndogo alikuwa mwanamke Mwingereza, mrefu, mwenye nywele ndefu alizozifunga kisogoni, ambaye watu walimwita Mama Daktari ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa na miezi michache tu nchini. Kiswahili chake kilianzia kwenye "hujambo" na kuishia kwenye "asante", kwa hiyo alihitaji mtu wa kukaa kati yake na wagonjwa. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Dindira, nilijua Kishambaa na Kiswahili, na Kiingereza changu cha shule kilionekana kutosha. Kila asubuhi nilisimama kulia kwa kiti chake. Mgonjwa akisema, namwambia daktari. Daktari akisema, namwambia mgonjwa. Hakuna aliyesema nami.

Sikuwa nesi, kwa hiyo sikuwa na kitanda katika nyumba ya manesi. Sikuwa mhudumu pia, kwa hiyo wahudumu hawakunipa nafasi katika chumba chao. Nikapewa chumba cha kupigia pasi. Kilikuwa na meza ndefu iliyoungua hapa na pale, pasi mbili za mkaa, na rafu za mashuka mpaka darini. Kitanda changu kiliwekwa kati ya rafu na ukuta, na nikijigeuza kiwiko kinagonga mashuka. Asubuhi saa moja mpiga pasi aliingia na makaa yake, nami ilinibidi niwe nimekwisha kuamka na kutandika. Hata leo nikisikia harufu ya wanga na nguo ya moto, natazama kama kitanda changu kimetandikwa.

Dirisha la chumba hicho lilielekea jikoni, na jikoni ndiko nilikojua habari zote, zikiwemo zangu. Manesi walikula chumbani kwao, wahudumu walikula kwenye benchi nyuma ya jiko, na mimi mpishi alinipitishia sahani dirishani. Mwaka huo mvua zilikuwa zimekosekana msimu uliotangulia na sote tulikuwa tunakula unga wa njano wa msaada, ugali wake mgumu na harufu yake si ya nyumbani, pamoja na kisamvu au maharage. Nilikula nimekaa kitandani, sahani magotini. Siku moja nilimsikia mhudumu mmoja akiuliza, "Huyu kasuku wa Mama Daktari ameshapewa chakula?" Mwenzake akajibu, "Mwache huyo, anashiba Kiingereza." Wakacheka, na mpishi akacheka. Hawakuwa watu wabaya. Mimi nami sikujua namna ya kutoka nje na sahani yangu nikasema, jamani, sogeeni kidogo. Leo ningefanya hivyo bila kufikiri. Wakati ule umbali wa kutoka dirishani hadi kwenye benchi, ambao hauzidi hatua kumi, ulinishinda mwaka mzima.

Kwa sababu sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, nikazungumza na maneno. Mama Daktari alikuwa ameniazima kamusi, na nikanunua daftari. Neno lililonisumbua kuliko yote lilikuwa "fine", kwa kuwa alilitumia kutwa na kila mara lilikuwa na sura nyingine. Nikimsalimu asubuhi anajibu "fine", yaani mzima, hajambo. Akitazama nje mawingu yakiwa yameondoka anasema siku ni "fine", yaani kumekucha vizuri, jua limetoka. Akitaka sindano ya watoto anaomba ile "fine", na Nesi Ester, mkuu wa manesi, anampa nyembamba. Aliagiza uji wa watoto waliokonda upikwe kwa unga "fine", nikamwambia mpishi achekeche mara mbili upate kuwa laini. Aliwahi kuushika mwandiko wangu akasema ni "fine", na siku hiyo nilitembea nikiwa juu kidogo ya ardhi. Na alipokosana na mtu wa bohari juu ya sabuni alisema "Fine!" na kuondoka, na hilo halikuwa na uzima wala uzuri, ilikuwa ni kama kusema haya, fanyeni mtakavyo. Yote niliyaandika. Pembeni niliweka maneno mengine ya Kiingereza ambayo kamusi ilisema ni ndugu zake, na upande wa pili Kiswahili chake: mzima, safi, nyembamba, laini, zuri, haya basi. Nilimalizia na faini ya mahakamani, ambayo kwetu kila mtu anaijua bila kwenda shule. Nilijiona nimelimaliza neno hilo. Nilikuwa nikisoma ukurasa ule kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

Mwajuma, huyo tuliyemzika Sindeni, alikuja wakati wa masika, siku ya foleni kubwa. Mabenchi yalijaa, watu wengine wamekaa chini barazani na miavuli yao inachuruzika. Alikuwa mwanamke wa umri wangu au kunizidi kidogo, mwembamba, amembeba Saumu mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alitoka Sindeni na lori. Nilipouliza alipoishi, alisita. "Tulikuwa kule bondeni," akasema, "sasa tumehamishiwa kijijini. Nyumba bado hazijakandikwa, tunalala kwenye miti mitupu na mvua ndiyo hii." Mtoto alikuwa na homa na kikohozi siku tatu. Wakati tunamsubiri daktari anawe mikono, Mwajuma akanishika mkono, hivi hivi tu, kama mtu anavyomshika dada yake njiani. "Naogopa, dada," akasema. "Wewe upo naye siku zote. Mwambie amwangalie vizuri." Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nilihesabu baadaye nikakuta kwamba tangu nianze kazi, miezi mitatu, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa.

Mama Daktari akamsikiliza mtoto kifua na mgongo, huku na huku, akifumba macho kama ilivyokuwa desturi yake. Akaondoa vyuma vya kusikilizia masikioni akasema, nusu kwangu na nusu kwake mwenyewe, "Fine," na maneno mengine mawili matatu ambayo sikuyashika, akavuta kadi akaanza kuandika. Hapo hapo Nesi Ester akasukuma mlango. Lori la shamba la mkonge lilikuwa limemleta mama wa kujifungua, damu inamwagika. Mama Daktari akainuka, akainua kiganja kuelekea kwangu, akatoka mbio. Kile kiganja mimi nilikielewa kuwa tumemaliza. Nikatazama kadi. Mwandiko wake ulikuwa wa shida, lakini neno la kwanza lilisomeka wazi, na lilikuwa neno langu.

"Amesemaje?" Mwajuma akauliza.

Ningeweza kumwambia asubiri. Hicho ndicho kilichonipasa na nilikijua. Lakini kazi yangu kwa miezi mitatu ilikuwa kuwapa watu habari mbaya kwa sauti yangu: mguu utakatwa, mimba imeharibika, mzee hatapona. Waliokuwa wakilia walinitazama mimi, si daktari. Na huyu alikuwa bado ameushika mkono wangu. Nilitaka kumpa kitu. "Amesema mtoto ni mzima," nikamwambia. "Ni mafua tu ya mvua." Hayo ya mafua niliyaongeza mimi, hayakutoka kwa mtu. Akaniachia mkono ili amfunge mtoto mgongoni, akacheka, akasema Mungu anilipe, na kabla ya kutoka akageuka mlangoni akamshika mtoto kamkono na kukapunga. "Muage mama mkubwa," akamwambia. Mama mkubwa alikuwa ni mimi.

Mama Daktari alirudi saa sita kasoro, aproni imelowa. Yule mama na kichanga walikuwa wamepona na alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda. "Yuko wapi yule mwenye mtoto wa kike?" akaniuliza. "Nataka alazwe sasa hivi, aanzishiwe sindano." Bado ningeweza kusema. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kusema kwamba nimekosea. Ni maneno machache, ya darasa la tano. Nikasema, "Ameondoka. Nilimwambia asubiri, akakataa." Alinitazama kidogo, kisha akaketi na kuivuta ile kadi. "Fine," akasema, na ilikuwa ile ya bohari, ile ya sabuni. Akaandika kuwa mgonjwa ametoroka, akaita anayefuata.

Sasa nafika mahali ambapo kwa miaka mingi nimepita mbio. Mgonjwa aliyefuata alipotoka niliomba ruhusa ya kwenda haja, nikaenda getini. Kutoka getini stendi ilionekana. Lori la Handeni, linalopitia Sindeni, lilikuwa palepale, vijana wanapakia magunia ya unga wa njano, na abiria wamesimama chini ya turubai upande mmoja wakikwepa mvua. Sikumwona Mwajuma, lakini sikuhitaji kumwona. Nilishika chuma cha geti. Nikifika pale nikamrudisha, atamwambia daktari, hata kwa ishara, kwamba mimi ndiye niliyemruhusu, na nitakuwa mwongo mbele ya mtu mmoja aliyewahi kuusifu mwandiko wangu. Nikajiambia kwamba watoto wanaugua na wanapona. Nikajiambia pia kwamba atarudi akizidiwa. Kisha nikarudi ndani, nikasimama kulia kwa kile kiti. Saa nane Nesi Ester alipita na sinia la vyombo akisema, "Masikini abiria wa Handeni, ndiyo kwanza linaondoka sasa." Muda wa saa mbili nzima. Kosa la neno ni la dakika moja, na Kiingereza ni lugha ya watu. Zile saa mbili ni zangu.

Wiki tatu zilipita. Nilifanya kazi vizuri, labda vizuri kuliko zamani, nikawa sisemi neno la ziada. Nilificha lile daftari chini ya godoro na sikulifungua. Kisha Mzee Mbwana, dereva wa hospitali, akarudi kutoka kliniki ya vijijini, ile ya kupima watoto uzito ambayo Landrova ilikwenda kila mwezi upande wa Handeni na manesi wawili. Nilikuwa nimekaa na sahani yangu, dirisha wazi. "Sindeni safari hii tumekaa bure," aliwaambia waliokuwa jikoni. "Wamekuja akina mama wanne. Mwezi uliopita walijaa uwanja. Nimemuuliza balozi wao wa nyumba kumi, anasema kuna mtoto alikuja hapa kwetu, Mama Daktari akasema mzima, mtoto akafa siku ya tatu. Wanasema yule Mzungu haoni wala hasikii, kwa nini wampelekee watoto?" Mpishi akasema, "Astaghfirullahi." Nesi Ester akasema, "Mtoto wa Sindeni? Si yule aliyeandikwa ametoroka?" Sahani ilikuwa magotini pangu. Nakumbuka maharage yalikuwa bado yanatoa moshi, na kwamba niliyatazama mpaka yakaacha.

Mchana ule Mama Daktari aliambiwa. Nilimwona akila peke yake katika ofisi yake, mlango umeachwa wazi, uma mkononi hauendi kokote. Ilikuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kufahamu kwamba naye alikuwa akila peke yake kila siku, ukuta mmoja kutoka kwangu. Nilibisha hodi. Nilimwambia nikiwa nimesimama wima, kwa Kiingereza, bila kulia. Kulia kulikuja baadaye. Nilimweleza kuhusu neno, na mafua niliyoyaongeza, na kwamba mama hakutoroka. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu. "Niliporudi nikakuuliza, alikuwa bado mjini?"

"Ndiyo, daktari."

Akageukia dirisha. Mimi nilidhani ananifukuza na anatafuta maneno. Kisha akachomoa pini kisogoni, akatenga nywele chache, akaniita nisogee. Akazisugua zile nywele kwa vidole viwili karibu kabisa na sikio langu. Nilisikia sauti ndogo mno, kavu, kama chumvi inayodondoka katika moto ulio mbali. "Hiyo ndiyo niliyoisikia kwenye mapafu ya mtoto," akasema. "Tunaiita 'fine' kwa sababu ni ndogo na nyembamba. Maana yake ni kichomi." Akafunga nywele zake. "Niliondoka chumbani kabla sijamaliza sentensi, na sikuwa nimejifunza lugha ya watu ninaowatibu. Hayo nitayajibu mimi. Lakini huko Sindeni sitakwenda kwa niaba yako. Alhamisi utakwenda na Mbwana."

Tulivuka daraja la Pangani asubuhi, mimi mbele na Mzee Mbwana, ambaye alikuwa ameambiwa. Hakunisema. Alinipa kipande cha muwa, na nilipokishika tu bila kukila akasema, "Mwanangu, utasema maneno machache. Ukianza kujieleza sana watachoka." Sindeni ile ya siku zile sikuwahi kuona kijiji kama hicho: nyumba zimepangwa mistari kama mahindi ya shamba la serikali, nyingine zimekandikwa, nyingine ni miti na nyasi, unaona mpaka kitanda cha ndani. Watu walikuwa wametoka katika makazi yao ya mbalimbali na bado walitembea kama wageni, wakiuliza njia ya kisimani. Balozi akanipeleka. Mwajuma alikuwa ameketi kizingitini, mikono mitupu. Hatua chache kutoka kwake mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, alikuwa akichekecha unga wa muhogo wa kupikia bada, ugali wa kule, na majirani wawili walikuwa wakimsaidia. Walikuwa wanazungumza wao kwa wao. Na Mwajuma alikuwa amekaa kama mtu aliye katika nyumba nyingine.

"Shikamoo bibi," nikamwambia Bi Mwanamvua, naye akaitikia marahaba na kuniuliza shida yangu. Mwajuma alinitambua mara moja. Hakuniangalia kwa chuki. Alisimama, akasema, "Dada, umekuja," kwa sauti ya mtu aliyekuwa ananingoja, akaanza kunieleza kabla sijafungua kinywa. "Siku ile nilishuka hapa nacheka. Nilimwambia kila mtu mtoto ni mzima, daktari mwenyewe kasema. Kesho yake akawa anapumua vibaya. Mama akataka tumpeleke zahanati, baba yake akaazima na baiskeli. Mimi nikakataa. Nikawaambia mnajua kuliko Mzungu? Nikamkatalia mama mkwe wangu mbele ya watu." Akamtazama Bi Mwanamvua, ambaye hakuinua uso kutoka kwenye chekecheo. "Ni mimi niliyemzuia. Waambie wewe uliyekuwepo. Si daktari alisema mzima?"

Nilikuwa nimekuja kumtua daktari mzigo, na mimi mwenyewe pengine kupata nafuu. Sikuwa nimefikiri kwamba kuna mtu wa tatu aliyeubeba, na kwamba nyumba nzima ilikuwa imekwisha kumtwika. Nikasema kwa Kiswahili, polepole, nikiwatazama wale wanawake na si yeye, maana yeye sikuweza. "Daktari hakusema mzima. Daktari alisikia ugonjwa, akataka mtoto alazwe. Mimi ndiye niliyekosea neno. Mwajuma alifanya kama alivyoambiwa. Mngeambiwa ninyi mngefanya vilevile."

Chekecheo likasimama. Jirani mmoja akatia mkono kinywani. Mwajuma alinitazama muda, kana kwamba mimi nami ninasema lugha inayohitaji kufasiriwa, kisha akaketi tena pale pale kizingitini na kujifunika khanga usoni. Bi Mwanamvua akajipangusa unga mikononi. Alinipita bila kunigusa, karibu kiasi kwamba khanga yake ilinisugua, akaenda akachuchumaa mbele ya mkwewe. "Mwanangu," akamwambia. "Mwanangu. Inuka ukale." Baadaye Mzee Mbwana aliniambia, kwa kusikia kwa balozi, kwamba hilo lilikuwa neno la kwanza alilomwambia tangu maziko.

Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenikaribisha. Waliingia ndani wote, nikabaki uani na chekecheo la watu. Nilitembea hadi barabarani nikaketi juu ya jiwe kuisubiri Landrova imalize kazi, karibu nusu siku. Watoto walikuja wakanitazama, wakaitwa, wakaondoka. Nilikuwa nimesema kuhusu neno. Kuhusu geti, na lori, na zile saa mbili ambazo mtoto alikuwa bado mjini na dawa ipo, sikusema. Nilijiambia yatamwongezea maumivu, na labda ni kweli. Lakini niliyaficha pia kwa sababu ile ile iliyonishikisha chuma cha geti. Nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini ya kurudi Sindeni kusema, na Sindeni si mbali. Nimekwenda sasa, mwenyewe amekwisha kufa.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ilikuwa ya ukimya wa namna nyingine. Jikoni waliacha kuniita kasuku, na hiyo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu hata sauti zao zilishuka nikifungua dirisha. Mama Daktari hakunifukuza kazi. Kila alasiri alinitaka nimfundishe Kiswahili, saa moja nzima, na alikuwa mwanafunzi mgumu asiyependa kuchekwa. Yeye alinifundisha kusikiliza vifua. Alinipa kile chombo chake, akaniwekea mkono mgongoni mwa mtoto, na aliniacha nisikilize hadi nisikie mwenyewe. Tulizungumza mambo ya kazi tu. Yeye alirudi ofisini kwake kula, mimi chumbani kwenye mashuka, na sidhani kama siku hata moja ilimpitikia mmoja wetu kumwita mwenzake.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua za vuli zikiwa zinamalizika, Mwajuma aliingia chumba cha daktari. Alimsindikiza mwanamke mdogo kuliko yeye, jirani yake, aliyebeba mtoto anayekohoa. Hapo niliona, bila kuambiwa, kwamba Sindeni wameanza kuja tena. Nilimwambia, "Habari za siku, dada." Akajibu, "Nzuri," na akasimama nyuma ya mwenzake, mkono begani kwake. Alikuwa na mimba, haijawa kubwa. Mama Daktari akamsalimu kwa Kiswahili chake kipya, akamsikiliza mtoto kifua na mgongo kwa macho yaliyofumbwa, na kwa kuwa maelezo yalikuwa marefu akarudi kwenye Kiingereza.

Yule mama mdogo akanigeukia. "Amesemaje?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimelielewa kila neno, na wakati huo hata mimi mwenyewe nilikuwa naweza kuisikia ile sauti.

"Ngoja," Mwajuma akamwambia mwenzake. Hakunitazama mimi. "Mwambie amuulize daktari tena. Huyu inabidi aulize mara mbili."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mwenyeji anavyomwonyesha mgeni mahali penye shimo. Nikamgeukia Mama Daktari, nikamuuliza. Akanijibu. Nikamuuliza tena, sentensi kwa sentensi, naye alinitazama, akamtazama yule mwanamke aliyesimama nyuma, akaelewa, akaweka kalamu chini na kunijibu tena tangu mwanzo, taratibu, bila kuondoka kitini.

"Mtoto ana kichomi," nikawaambia. "Analazwa leo. Sindano anaanza sasa hivi."

Mwajuma akaitikia kwa kichwa. Akatua furushi lake sakafuni, akamsaidia mwenzake kumfungua mtoto mgongoni.